Mzazi mmoja akiacha kazi juu ya kulea watoto: haki gani tunaweza kudai?

Maneno yaliyosomwa na komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubumbashi



Mkutano uliopita ulituagiza sisi wa komite tufuate swali moja mpaka mwisho wake. Munakumbuka swali lenyewe. Mama mmoja alisimama kule nyuma, mtoto mgongoni, akasema: «Miye niliacha kazi juu ya batoto. Bwana yangu anatumika, lakini makuta haitoshe. Ku kambi kila mutoto alikuwa na posho yake. Huku Congo mutoto hana kitu?» Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Hakuna mtu kati yetu aliyekuwa na jibu, hata sisi tuliokaa hapa mbele.

Tumetembea. Tumeuliza kwenye biro ya CNSS, kwa mkaguzi wa kazi, komine, na kwa avoka mmoja aliyetusikiliza bila kutulipisha. Jibu tulilorudi nalo ni hili: mtoto ana kitu, lakini hicho kitu kinapita katika kazi ya mzazi, na kinapita katika makaratasi. Mzazi asiye na patro hana mengi ya kudai kwa leta. Mzazi mwenye patro ana mengi kuliko anavyofikiri, na mara nyingi anayaacha yaanguke njiani bila kujua. Leo tutaeleza yote mawili, pande zote, bila kuficha lile lisilopendeza.

Kambi na nyumbani

Wengi kati yetu tulirudi kutoka Zambia kati ya 2007 na 2010, wakati kambi za Kala na Mwange zilikuwa zinafungwa. Wengine walipita Moba kwa boti, wengine Pweto kwa barabara, kisha maisha yakatusukuma mpaka huku Lubumbashi. Kule kambini karatasi ya posho ilihesabu vichwa. Watoto watano, vichwa vitano. Hakuna aliyemuuliza mama kama anatumika ao anakaa nyumbani. Kulea watoto hakukupunguza unga wa mtu.

Huku ni njia nyingine. Sheria ya nchi yetu haihesabu vichwa vya nyumba. Inahesabu mfanyakazi kwanza, kisha inaangalia nani anamtegemea. Mlango ni mfanyakazi. Kama hakuna mfanyakazi mwenye mkataba katika nyumba, mlango umefungwa. Kama yuko mmoja, mlango uko wazi kwa mwenzake na kwa watoto, hata kama huyo mwenzake hajatumika siku moja maishani. Tukielewa hapo, tumeelewa nusu ya maneno ya leo.

Wazee wetu wa huku Katanga walilijua jambo hili mbele yetu. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, iliona kwamba mfanyakazi mwenye bibi na watoto karibu anadumu kazini. Kwa hiyo ikawa inatoa posho ya mwanaume, posho ya bibi na posho ya watoto, na ikajenga masomo na hospitali ndani ya makambi yake. Gécamines iliyofuata baada ya 1967 iliendelea vile. Bibi wa mfanyakazi alikaa nyumbani kulea, na kulea kwake kulikuwa na unga wake mwisho wa juma. Lakini yote ilisimama juu ya mguu mmoja. Gécamines ilipoanguka, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka katika mpango ule uliitwa wa kuondoka kwa kupenda, nyumba nyingi zilijikuta mikono mitupu. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université ya Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya jamaa hizo za wafanyakazi. Majirani wetu wengi ni watoto wa nyumba zile. Tukiwasikia wanasema «zamani kampuni ilikuwa baba», wanasema kitu cha kweli.

Leo kampuni si baba tena. Kuna sheria, na sheria haitafuti mtu nyumbani kwake. Mtu njo anaitafuta.

Sheria inasema nini

Sheria mbili zinatuhusu hasa. Ya kwanza ni sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Ya pili ni sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya ulinzi wa jamii, ile inaongoza CNSS, ambayo zamani tuliiita INSS.

Katika CNSS kuna masanduku matatu. Moja ni la pensheni. Moja ni la ajali na magonjwa ya kazi. La tatu ni la musaada kwa jamaa, na ndani yake kuna vitu vitatu: musaada wa mimba, musaada wa uzazi, na alokasio ya watoto. Tuangalie nani analipa. Kwenye mshahara, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 kwa pensheni, na patro anaongeza 5 yake. Kwa ajali, patro peke yake analipa asilimia 1.5. Kwa sanduku la jamaa, patro peke yake analipa asilimia 6.5. Musikie vizuri: kwa alokasio ya watoto mfanyakazi hakatwi hata franka moja. Kwa hiyo mtu akikuambia «ukidai alokasio watakata mshahara wako», anakudanganya, ao yeye mwenyewe amedanganywa.

Sheria ya kazi nayo inaongeza mengine. Patro anapaswa kutunza afya ya mfanyakazi, ya bibi ao bwana yake, na ya watoto wanaomtegemea. Si afya ya mfanyakazi peke yake. Mama mjamzito ana wiki 14 za kupumzika: 6 mbele ya kuzaa na zisizozidi 8 nyuma ya kuzaa, na wakati huo anapata sehemu mbili juu ya tatu za mshahara wake, hata kama mtoto, Mungu atuepushe, hakuishi. Wakati huo patro hana ruhusa ya kumfukuza. Akirudi kazini akiwa ananyonyesha, ana nusu saa mara mbili kila siku kwa kunyonyesha, na saa hiyo inahesabiwa kama kazi. Tena ni marufuku kumlazimisha mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba. Papa naye ana siku 2 za kazi bibi yake akizaa. Ni kidogo, lakini ni zake, na zinalipwa.

Kuna watu watasema: «Hayo ni ya wenye mkataba mzuri. Miye ni jurnalie, naitwa asubuhi, nalipwa jioni.» Hapo pia sheria imesema kitu. Mtu anayechukuliwa kazi siku kwa siku, akishatumika siku 22 ndani ya miezi 2, akichukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kazi yake inahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho. Kwa hiyo ba papa wanaotumika kama jurnalie kwa patro mmoja tangu mwaka jana, muandike siku zenu katika kaye. Kila siku, na jina la kiongozi wa kazi. Kaye hiyo njo itasema siku ile ninyi mtanyamazishwa.

Mambo yaliyoipata jamaa moja

Sasa turudi kwa mama wetu aliyeuliza swali. Ametupa ruhusa tueleze habari yake bila jina lake, na bila majina ya wale waliomtumikisha.

Alitumika miaka minne kwenye kliniki moja ya mtu binafsi, akifua mashuka na kupika. Bwana yake ni sentinele wa kampuni moja inayolinda machimbo. Mimba ya nne ilipofika mwezi wa saba, miguu ikavimba, wakubwa wa kazi wakaanza kulalamika kwamba anatumika polepole. Siku moja akasema: «Siwezi tena.» Akachukua mshahara wa mwezi, akaaga wenzake, akaenda. Hakuandika barua. Hakuomba karatasi yoyote. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa wiki chache tu mbele ya pumziko lake la uzazi.

Tuhesabu pamoja. Wiki 14, sehemu mbili juu ya tatu za mshahara: ni zaidi ya mshahara wa wiki 9. Zaidi ya miezi miwili. Nyumba ile ililala na bukari bila mboga mwezi ule mtoto alizaliwa, wakati makuta hiyo ilikuwa haki yake.

Na sisi wa komite tuseme kosa letu hapa mbele ya wote. Mama huyu alipita kwetu mbele ya kuacha kazi. Tulimwambia: «Pumzika, mama, Mungu atatoa.» Tulisema kwa upendo. Lakini hatukujua sheria, na upendo wetu ulimkosesha mshahara wa wiki 9. Kwa hiyo maneno haya ya leo ni deni tunalolipa.

Upande wa bwana yake ni hivi. Siku ya kuingia kazini, kijana aliyejaza fishi alimuuliza: «Una mukanda ya ndoa?» Papa akajibu hana, juu ndoa yao ilifanywa kambini, mahari ilitolewa, wazee walikuwako, lakini haikuandikwa popote. Kijana akaandika «selibateri». Neno moja. Kwa neno hilo, kwa kampuni yule papa hana bibi, hana mtoto. Miaka mitatu alipita na homa za watoto akilipa famasi ya kartye kwa makuta yake mwenyewe, wakati kampuni ilipaswa kutunza afya yao. Wakati mama alikuwa kliniki, angalau wakubwa wake walimwachia dawa kidogo. Alipoacha, hata hiyo ikaisha, na hakuna aliyekumbuka kuwaandikisha watoto upande wa baba.

Tulianza na makaratasi. Ndoa iliandikishwa komine, na wazee wawili waliokuwako kambini walikuja kushuhudia. Watoto wawili walikuwa na karatasi za Zambia, zikatumika kama mwanzo wa ushahidi. Mtoto wa tatu hakuwa na kitu, ikabidi kwenda tribinali ya watoto. Mtoto wa nne alikuwa bado hajafika siku 90, akaandikishwa bila taabu. Hiyo yote ilichukua karibu miezi minne, na safari ambazo hatukuzihesabu. Kama mama alivyosema: «Banatuambia kwenda, kurudia, kwenda, kurudia.»

Kisha papa akaenda kwa kampuni na kopi mkononi, akaacha kopi, akaomba mtu aweke sahihi kwamba amezipokea. Tangu mwezi uliofuata bibi na watoto wanne wakaingia kwenye liste, na alokasio ikaonekana kwenye karatasi ya mshahara. Kwa miaka mitatu iliyopita hakupata kitu. Kampuni ilisema: «Hukutuambia.» Hatukuwa na karatasi ya kuonyesha kinyume.

Kwa kliniki, tulikwenda kwa mkaguzi wa kazi. Hiyo ni njia ya lazima mbele ya tribinali ya kazi: mkaguzi anaita pande mbili, anajaribu kuwapatanisha, na kazi yake hailipiwi. Mara ya kwanza kliniki haikuja. Mara ya pili ilikuja. Ikakubali kulipa siku za konje ambazo mama hakuzichukua, na ikampa karatasi inayoonyesha kwamba ametumika pale miaka minne. Juu ya wiki 14, hapana. Walisema aliondoka mwenyewe, na kwamba hakuna barua inayoonyesha sababu. Tulitoka pale na kitu kidogo. Lakini mama aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, juu siku akitafuta kazi tena itasema kwamba hajakaa bure.

Akatuambia neno moja njiani: «Kama ningejua, ningevumilia zile wiki.» Tunaomba mwanachama yeyote asiseme tena neno hilo.

Mbele ya kuacha kazi, fanya haya

Kuacha kazi juu ya kulea watoto si aibu na si uvivu. Ni uamuzi wa nyumba. Lakini uamuzi huo una mpango wake, na mpango unaanza mbele ya kuondoka, si nyuma.

Kwanza, mukae bibi na bwana mezani, muangalie nani ana mkataba mzuri, nani ana nambari ya CNSS, nani kampuni yake inatunza afya. Mara nyingine tunaangalia mshahara peke yake, tunasahau dawa za watoto.

Pili, kama ni mimba, usiache kazi kwanza. Chukua wiki zako 14 kwanza. Kama daktari anaona hatari kwa mama ao kwa mtoto, aandike, na mama ana haki ya kusimamisha kazi bila kuhesabiwa kwamba ameiacha. Karatasi ya daktari inabeba nguvu kuliko machozi mbele ya patro.

Tatu, ukiamua kuacha kabisa, andika barua. Sheria inaomba mfanyakazi atoe taarifa mbele, na muda wake ni nusu ya ule ambao patro angepaswa kumpa. Kopi moja ibaki kwako na sahihi ya aliyepokea. Omba dekonte ya mwisho, na ndani yake siku za konje ambazo hukuzichukua. Omba karatasi ya mwisho wa kazi. Usiondoke bila hiyo.

Nne, uliza kuhusu pensheni. Miaka uliyokatwa asilimia 5 haipotei kwa sababu umeacha. Iko kwa jina lako, na siku ukirudi kazini inaendelea. Sheria inajua pia njia ya mtu aliyekuwa ameandikwa kuendelea kulipa pensheni kwa kupenda kwake mwenyewe. Njia hiyo ina muda wa kuiomba, kwa hiyo upite biro ya CNSS mara tu unapoacha, usingoje. Na mbele ya hiyo, hakikisha kwamba patro alikutangaza kweli. Kuna watu wanakatwa kila mwezi na majina yao hayako.

Tano, na hapa njo wengi wanaanguka: siku ileile mmoja anaacha, mwingine aende kwa patro wake awaandikishe bibi ao bwana na watoto. Mtoto mmoja halipiwi mara mbili. Kama alikuwa anahesabiwa upande wa mama, asipohamishwa upande wa baba atabaki hewani.

Makaratasi yanayoombwa ni haya: karatasi ya ndoa, karatasi ya kuzaliwa ya kila mtoto, na kwa mtoto mkubwa karatasi ya masomo. Mtoto wa ndugu aliyefariki, ambaye tunamlea kama wetu, haingii kwenye liste kwa maneno tu. Inaomba hukumu ya tribinali inayoonyesha kwamba yuko chini yetu. Tunajua hiyo inauma. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto. Lakini tusimwache nje ya dawa juu ya kukasirika na sheria.

Neno juu ya ba papa. Tuko na papa mmoja hapa ambaye kazi yake iliisha, na bibi yake ni infirmiere. Yeye njo anawapikia watoto, anawapeleka masomo. Kartye inamcheka. Na bibi yake alipoomba watoto waandikwe kwa jina lake, mkubwa wa kazi alimjibu kwamba alokasio ni mambo ya wanaume. Ndugu, sheria inasema «mfanyakazi». Mwanamke anayetumika ni mfanyakazi. Mama huyo aende tena, na karatasi zake, na mmoja wetu atamsindikiza. Na kicheko chetu kiishe. Mtoto aliyeoga na kula hajui ni mkono wa nani ulimwosha.

Na walimu na wengine wanaotumika kwa leta? Wao wanafuata sheria yao, na sanduku lao ni CNSSAP, si CNSS. Lakini mpango wa makaratasi ni uleule: ndoa, watoto, kopi yenye sahihi.

Sisi tusio na patro

Sasa tuseme lile lisilopendeza. Sehemu kubwa ya wanachama hawana patro. Wanauza makala, wanauza samaki, wanafyatua matofali, wanaendesha moto, wanalima nje ya mji. Mama anayeacha meza yake ya soko juu ya mtoto mchanga, leta haina alokasio ya kumpa kila mwezi. Hatutaki mtu apoteze makuta kwa mshenga anayemwambia kwamba anaweza kumwandikisha «kwa alokasio ya leta» akitoa kitu kidogo. Ni mwizi. Mumkatae, mutuambie.

Kuna vitu vichache vilivyobaki, na tusiviache. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za leta ni bure. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa hakulipiwi. Siku 90 zikipita, inakuwa tribinali, na tribinali inakula makuta na siku za soko. Kwa hiyo mama mchanga asiye na mshahara, msaada wa kwanza tunaoweza kumpa ni kwamba mmoja wetu aende naye komine mbele ya mtoto kufikisha miezi mitatu. Leo mtoto huyo anaonekana hana faida na karatasi ile. Lakini baba yake anaweza kupata kazi kesho, na karatasi njo itakuwa mlango.

Kingine ni sisi wenyewe. Likelemba za ba mama tayari zinafanya kazi ambayo sheria haifanyi: anayezaa anapewa zamu yake mbele ya wengine. Hakuna aliyeziamuru. Zilitoka katika akili ya wanawake waliokaa pamoja.

Tunachoomba mkutano uamue

Tunaomba mambo matatu, na tutayapigia kura mbele ya kuondoka.

La kwanza: sehemu ya kese yetu, ile tunayoweka pembeni kwa matanga na magonjwa, itumike pia kulipia makaratasi ya watoto wasio na karatasi ya kuzaliwa, wakianza wale ambao mzazi wao mmoja ana kazi yenye mkataba. Tuna jamaa tatu zinazongoja. Kila jamaa ikianza kupata alokasio irudishe kidogo kidogo, ili nyingine ifuate. Tunajua kuna watakaosema kese ni ya matanga. Tunawajibu kwa heshima: tumezika vizuri miaka yote. Sasa tulee pia.

La pili: likelemba za ba mama zikubaliwe rasmi ndani ya chama, na chama kiongeze kitu kwa mama wa soko anayekaa nyumbani miezi mitatu ya kwanza. Kiasi gani, mkutano useme. Komite haitaamua peke yake.

La tatu: watu wawili, papa mmoja na mama mmoja, wachaguliwe kusindikiza wanachama kwa patro, komine na mkaguzi wa kazi. Mtu akienda peke yake, anaambiwa rudi kesho. Wakienda wawili na kaye mkononi, wanapewa kiti.

Kwa marafiki wetu munaotuletea musaada: aksanti kwa unga na madaftari. Mwaka huu tungependa muongeze kitu kimoja ambacho hakionekani kwenye picha. Gharama ya hukumu ya tribinali, kopi na usafiri kwa mtoto mmoja hailingani na gunia nyingi za unga, lakini inaweza kufungua dawa na alokasio kwa miaka. Tutawaonyesha kila risiti. Na mutuulize tukichelewa.

Yule mama aliyetuuliza yuko hapa leo, amekaa palepale nyuma. Mama, swali lako lilikuwa: huku Congo mutoto hana kitu? Sasa tunakujibu. Wako wanne wana kitu, na ulikidai mwenyewe kwa miguu yako. Wa wenzako wengi bado hawana. Simama, tafadhali, uje hapa mbele, juu kura ya kwanza tunataka wewe njo uisimamie.